Kwetu Watoto Hawahesabiwi

Ukitaka kujua thamani yako Njoro, tafuta nyumba ya kupanga mwezi ambao chuo kinafunguliwa. Nakhumicha alikuwa ameijua yake kabla jua halijapanda vizuri. Alikuwa amembeba mwanawe Natasha mgongoni na kumshika mkono Awuor, aliyekosa shule siku hiyo kwa mafua, na mageti yalikuwa yanamfungia moja baada ya lingine. Kwenye geti la kwanza askari alimwambia hapo ni wanafunzi peke yake, familia wapeleke vilio mbele. Kwenye la pili msimamizi alimtoza mia tatu ya kuonyeshwa nyumba, akampeleka kwenye chumba ambacho sufuria ya wenyewe ilikuwa bado motoni. Kwenye la tatu mzee mmoja mpole alimsikiliza mpaka alipouliza jina la bwana yake. Aliposikia ni Ooko, jina la Kijaluo, akakumbuka ghafla kwamba nyumba ilichukuliwa jana.

Hakuwa na nafasi ya kukasirika. Ploti ya mabati waliyokaa ilikuwa imeuzwa, na mnunuzi alitaka kujenga hosteli. Wapangaji walikuwa wameambiwa mwezi ukiisha mabati yanashuka, uwe ndani au uwe nje. Na kwa kuwa dunia haina haya, Ooko mwenyewe ni mwashi, na kibarua alichokuwa nacho wakati huo kilikuwa kupandisha hosteli nyingine upande wa pili wa barabara. Mchana anapanga matofali ya vyumba vya watoto wa wenyewe, jioni anarudi kumuuliza mkewe kama amepata hata kimoja.

Muuza mboga mmoja ndiye aliyemwelekeza kwa Madam Cheptanui. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, watoto wake wako ng'ambo, na pensheni yake aliigeuza nyumba ya ghorofa mbili iliyopakwa rangi ya maziwa, yeye mwenyewe akikaa chini. Nakhumicha alimkuta kwenye veranda akimenya minji. Alimpa kiti, jambo ambalo hakuna aliyelifanya asubuhi hiyo. Akamuuliza kazi yake, Nakhumicha akasema anauza chapati na maharagwe karibu na geti la chuo. Akamuuliza kanisa lake, na kama bwana analewa. Kisha akamwita Gathogo, kijana wake wa kusimamia nyumba, alete ufunguo.

Vilikuwa vyumba viwili na jikoni, ghorofa ya kwanza. Jikoni kulikuwa na mfereji. Nakhumicha aliufungua, maji yakatoka, akaufunga haraka akiona aibu kama mtu aliyeshikwa akigusa kitu cha wenyewe. Kodi ilikuwa elfu sita kwa mwezi, na nyumba za namna hiyo wengine walitaka tisa. Madam alisema bei haikuwa shida yake, shida yake ilikuwa maji. Tanki la juu lilijaa pale kaunti ilipofungulia, na isipofungulia alinunua kwa lori kwa pesa yake. Wapangaji waliotangulia walikuja na kundi la watoto. Ikifika saa sita tanki limekauka, na shimo la choo likajaa kabla ya wakati. Aliapa hatarudia.

"Hawa ndio watoto?" aliuliza.

"Ndio, ni wangu."

"Una wangapi?"

Sasa hapo lazima umjue Nakhumicha. Alilelewa na nyanya yake huko Kimilili, na nyanya huyo alikuwa tayari kukurushia kijinga cha moto akikusikia unahesabu watoto. Mbuzi huhesabiwa. Magunia ya mahindi huhesabiwa. Mtoto ukimhesabu umemtangaza kwa yule anayesikiliza bila kuonekana, naye akishajua idadi anajua pa kupunguza. Hata kliniki, muuguzi akiuliza, Nakhumicha hutaja majina tu, muuguzi ajijumlishie mwenyewe. Na siku hiyo pia angetaja majina. Kinywa alishakifungua. Ila macho yake yalikuwa kwenye ule mfereji, na Madam akamtangulia kwa nia njema kabisa.

"Wawili si wengi," akasema, akimpapasa Awuor kichwani. "Wawili tutaelewana."

Nakhumicha akanyamaza. Adero, mtoto wake wa kwanza, na Oduor, wa kumfuata, walikuwa shuleni saa hiyo wakisoma, hawana habari yoyote. Alitoa pesa za mwezi wa kwanza na dipoziti, pesa za kikundi chake cha akina mama ambazo zamu yake ilikuwa imefika, na Gathogo akampa ufunguo. Njiani kurudi alijiambia hajadanganya mtu. Kama kunyamaza si kudanganya, basi kweli hakudanganya. Hilo tuwaachie wahubiri.

* * *

Ooko alipohadithiwa alicheka mpaka akakohoa, halafu akaacha kucheka. Alisema hata kwao Ugenya mama yake hajawahi kutamka idadi ya watoto wake, na hakuna aliyekosa nyumba kwa sababu hiyo. Kisha akaanza kupanga mambo jinsi anavyopanga kazi ya mjengo. Oduor na Awuor walipishana kidogo tu kwa umri, walilingana urefu, vichwa vyao vyote vilikuwa vimenyolewa kama sheria ya shule inavyotaka, na walivaa traksuti za kijani zinazofanana. Kwa mbali nani angewatofautisha? Atoke mmoja, kisha atoke mwingine, wasipite pamoja. Yule mama atakuwa anaona mtoto mmoja anayependa kutembeatembea.

Kwa Adero hakukuwa na hesabu ya namna hiyo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko Gredi ya Nane, na alikuwa ameshamfikia mama yake mabegani. Ooko alikuna kidevu, akasema watajua mbele ya safari. Watu wengi wameingizwa shimoni na sentensi hiyo.

Mbele ya safari kulifika haraka. Siku ya kuhama walikodi mkokoteni, na Adero akaja nyuma yake na beseni la vyombo kichwani, jiko mkononi, leso ya mama yake kiunoni ili sketi isichafuke. Gathogo alikuwa amesimama kwenye geti akiangalia vitanda vikiingia. Hakuwa mtu mbaya, ni mtu wa kazi yake tu.

"Na huyu?" akauliza. "Ni msichana wenu wa kazi?"

Adero alimtazama mama yake usoni mara moja. Chochote alichokiona pale, alikielewa, maana alilitua beseni polepole na kumgeukia Gathogo.

"Eeh," akasema. "Namsaidia Mama Awuor."

Ooko alilisikia jibu hilo akiwa ngazini na godoro begani. Jioni alimnunulia binti yake soda, akasema huyu atakuwa wakili, huyu ana kichwa. Adero akanywa nusu na kumwachia Oduor nusu. Nakhumicha aliona aibu, aibu halisi. Tangu amzae msichana huyo, yeye alikuwa Mama Adero: kanisani Mama Adero, sokoni Mama Adero, hata katika simu ya mume wake jina lilikuwa hilo. Sasa kwenye ngazi za Madam alikuwa Mama Awuor, na mtu aliyembandika jina hilo ni Adero mwenyewe.

* * *

Walikaa. Na niseme ukweli, walikaa vizuri. Mfereji ulitoa maji, paa halikuvuja, na Natasha aliyekuwa akikohoa kwenye mabati aliacha kukohoa. Nakhumicha alifanya yake yote kuhusu maji: akaoshea vyombo maji aliyooshea mboga, akawaogesha watoto kwa beseni moja, Adero akateka mengine mtoni kwa mtungi kama zamani. Pengine familia ile ilitumia maji kidogo kuliko mpangaji yeyote mle, lakini nani angeamini?

Hila ya traksuti nayo ilishika. Siku moja Madam alimwambia Nakhumicha, akicheka, kwamba yule Awuor ana miguu ya wakimbiaji, amemwona akipita mara nne kabla ya chai. Nakhumicha naye akacheka. Akapanda ngazi, akafunga mlango, akawaomba watoto wake wapunguze kucheza nje.

Aliyelipa zaidi ni Adero. Alitoka alfajiri yunifomu ikiwa ndani ya mfuko wa sokoni, akabadilisha kwa rafiki yake karibu na shule, na jioni akabadilisha tena kabla ya kurudi. Mbele ya watu alimwita mama yake Mama Awuor, na baba yake Baba Awuor, akiinamisha kichwa vizuri. Wapangaji wakamzoea. Sue wa mlango wa pili, msichana wa saluni asiyekuwa na ubaya wowote, alianza kumtuma maziwa, halafu mkate, halafu siku moja akamletea nguo za kufua, akamwambia Nakhumicha atamlipa huyo dada kidogo kama haitavuruga kazi zake. Nakhumicha angesema nini? Msichana wa kazi wa mtu huombwa hivyo. Alisimama jikoni akimtazama mwanawe kupitia dirisha akisugua suruali za Sue, na alitamani kushuka amnyang'anye lile beseni. Hakushuka. Jioni Adero alimletea noti ya mia, akamwambia ni ya unga.

Lakini macho ya mwalimu hayastaafu. Madam Cheptanui alikuwa akimtazama msichana yule kutoka kwenye veranda yake, na kitu kilimkera. Jumamosi moja alimwita, akampa gazeti la Kiingereza, akamwambia amsomee maana miwani imemsumbua. Adero alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Madam akamuuliza swali la hesabu, akalijibu kichwani. Madam akavua miwani, ambayo haikuwa na shida yoyote, akamwambia aende.

Kisha akapanda ngazi, na magoti yake hayo mabovu, akabisha.

* * *

Nakhumicha alikuwa akichambua maharagwe. Alimpa Madam kiti chenye mto, akapangusa meza ambayo ilikuwa safi. Adero alikuwa kwenye beseni la vyombo, na Madam akamwambia asiondoke, kwa kuwa mazungumzo yalimhusu. Ooko alikuwa bado kazini. Oduor na Awuor walikuwa chumba cha ndani wakiambiana kwa vidole wanyamaze.

Madam alisema amekuja kama mzazi, hakuja kama mwenye nyumba. Alifundisha karibu maisha yake yote, alisema, na anawajua wasichana walioishia kwenye majiko ya watu huku vichwa vyao vimejaa akili. Hakuwahi kumdhania Mama Awuor kuwa mtu wa namna hiyo. Mtu wa kanisa, mtu mwenye wasichana wake mwenyewe, anamweka mtoto wa mwenzake kufua na kuteka maji, na Awuor wake anakwenda shule. Sheria haikubali, na yeye hakubali. Jumatatu atakwenda kwa chifu, na kwa afisa wa watoto kama itabidi. Alisema haya yote bila kupandisha sauti, na kila neno lilikuwa la haki. Hilo ndilo lililomuumiza Nakhumicha: hapakuwa na mahali pa kumkasirikia.

"Lakini kabla ya hapo nataka kuongea na watu wake," Madam akasema. "Mama yake yuko wapi?"

Maharagwe yalikuwa kwenye ungo, na Nakhumicha aliyatazama hayo. Alikuwa na majibu mawili, na kila moja lilikuwa na gharama. Akisema yuko mbali, Madam atataka namba ya simu. Akisema yuko hapa, mwezi ukiisha watarudi kwenye mageti. Alikuwa bado anayapima alipomsikia Adero nyuma yake, sauti imetulia, mikono imo majini.

"Mama yangu alikufa, Madam."

Mtu wa mjini aliyezaliwa juzi anaweza kuona ni uongo wa kitoto. Nakhumicha hakuuona hivyo. Alikolelewa, kifo hakitamkwi juu ya mtu aliye hai, na mtoto kumtamkia mama yake ni jambo la kuitiwa wazee na kuchinjiwa kondoo. Lakini si mwiko uliomwinua kwenye kigoda alichokalia. Kilichomwinua ni vile mtoto alivyolisema, bila kutafuta maneno, kana kwamba alikuwa ameliandaa zamani, akiwa tayari kumzika mamake ili wadogo zake wasitolewe kwenye nyumba yenye maji. Ungo ukaanguka, maharagwe yakatawanyika sakafuni.

"Usiseme hivyo," akamwambia. "Adero, usirudie kusema hivyo." Akamgeukia Madam. "Mama yake ni mimi."

Madam alikunja uso, hakuelewa. Ndipo Nakhumicha akainua mkono wake wa kushoto, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafanya alilokatazwa. Alishika kidole kimoja kimoja.

"Adero ni wa kwanza. Oduor wa pili. Awuor wa tatu. Natasha wa nne." Alijihisi kama mtu aliyewatoa watoto wake nje uchi. "Ni wanne, Madam. Wote ni wangu, na wote wako hapa."

Mlango wa ndani ukafunguka kidogo. Traksuti mbili za kijani zikachungulia.

"Kumbe yule Awuor ni watu wawili," Madam akasema polepole. "Na mimi nilikuuliza. Kwa mdomo wangu nilikuuliza."

"Uliuliza ni wangapi. Kwetu watoto hawahesabiwi."

"Hata kwetu hawahesabiwi, Mama Awuor. Mama yangu alikwenda kaburini bila kusema tulizaliwa wangapi. Lakini tanki langu linahesabu. Kila asubuhi linahesabu."

"Mama Adero," Nakhumicha akasema. "Mimi ni Mama Adero."

Madam akasimama, akajishikilia kwenye meza mpaka magoti yakakubali, akatoka akipita katikati ya maharagwe kwa uangalifu asiyakanyage.

* * *

Ooko aliporudi alikuta mke na watoto wamekaa kitandani kama watu wanaosubiri matanga. Alikuwa hajamaliza kuelezwa Gathogo alipokuja kuwaita. Walishuka wote wawili. Ooko alikuwa bado na saruji kwenye nyusi, na alisimama mlangoni kwa Madam hadi alipoambiwa aingie, halafu akakaa kwenye ukingo wa kochi ili asilichafue.

Madam alikuwa amefikiria. Hatawafukuza, alisema. Alikwisha kuona adha ya kutafuta nyumba, na watoto si takataka. Wawili aliwakubali mwenyewe, na wa tatu atamvumilia. Lakini wanne hapana, maana wapangaji wengine watasema sheria ni ya nani, na kila mmoja atamleta binamu kutoka kijijini. Kwa hiyo ana wazo. Nyuma ya jikoni yake kuna chumba kidogo chenye kitanda na meza. Yule mkubwa alale humo. Amsaidie kazi ndogondogo asubuhi na jioni, kwa sababu magoti haya hayana siku nyingi, na yeye atamlipia shule, vitabu, hata chakula. Kodi yao ibaki ilivyo. Mtoto yuko chini ya ngazi, si mbali, na watamwona kila siku.

"Akili kama ile isipotee," akasema. "Mimi nitaishika."

Ooko alikuwa ameshaanza kusema asante kabla mama huyo hajamaliza. Alisema asante sana Madam, Mungu akuzidishie, akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nakhumicha alisema wataongea kwanza nyumbani. Madam akajibu ni sawa, waongee, yeye hana haraka.

Waliongea. Si kuongea, walibishana, kwa sauti ya chini ya watu wanaojua kuta ni nyembamba. Ooko alisema hajui kinachomliza. Wenzake walikuwa wamewapeleka watoto ushagoni kwa sababu ya kodi, mwingine Bondo, mwingine Kapsabet, huonana Krismasi. Huyu wa kwao anashuka ngazi tu. Analipiwa shule. Anakula nyama. Watu wanaomba muujiza kama huo kanisani mwaka mzima.

"Ni ngazi, Mama Adero," akasema. "Ni ngazi tu."

"Leo mchana nimemwita mtoto wangu mbele ya watu," Nakhumicha akamjibu. "Jua halijatua, na wewe unaniambia nimtoe. Huyo si mwanafunzi wa kufadhiliwa, Baba Adero. Madam anamtaka wa kumpikia."

"Na hapa hapiki?"

Hilo lilimkata. Adero alipika, ndiyo, alifua, alibeba maji, alivaa hata jina la mfanyakazi kwa ajili yao. Nakhumicha alikaa chini. Ooko aliona amegonga mahali pabaya, akalainisha sauti, akasema basi, kama hataki, wahame, yeye yuko tayari, kesho waanze tena mageti. Dipoziti pengine watarudishiwa, pengine hawatarudishiwa. Alimuuliza, bila kejeli, waanzie geti gani.

Adero ndiye aliyemaliza shauri. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani na Natasha kiunoni.

"Mum, mimi nitaenda," akasema. "Kuna meza. Hapa nasomea kitandani na Oduor ananirukia. Nataka kwenda."

Nakhumicha alimtazama usoni atambue kama ni kweli. Alitazama sana. Zamani angejua, kwa sababu mtoto huyu akidanganya kope zilikuwa zikimchezacheza. Sasa hazikucheza. Amejifunza, Nakhumicha akawaza, amejifunza katika nyumba hii, na mwalimu ni mimi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema, ila hawasemi afanye nini nao.

"Nenda basi," akasema.

* * *

Adero alihamia chini Jumapili baada ya kanisa. Vitu vyake viliingia katika mfuko ule ule wa kubebea yunifomu. Gathogo alimtengenezea swichi ya taa, Madam akamnunulia kandambili mpya, na Jumatatu akatoka na yunifomu mwilini, mchana kweupe, kupitia geti la mbele. Sue alishangaa, akacheka, akaomba msamaha kwa zile suruali. Kila mtu pale ploti alisema Madam ana moyo. Nakhumicha naye alisema hivyo alipoulizwa, na alimaanisha, na moyo ulimuuma wakati huo huo.

Alimwona kila siku, kama walivyoahidiwa. Alimwona akifagia veranda. Alimwona akianika shuka za Madam. Siku za kwanza Adero alipanda juu mara kwa mara, kusuka nywele za Natasha, kumsaidia Oduor hesabu. Kisha mitihani ikakaribia na Madam akasema usiku ni wa vitabu, na hilo lilikuwa sawa, nani angelipinga? Akawa anapanda akipata nafasi. Kisha akawa anapunga mkono kutoka chini.

Ilikuwa jioni, wameketi kula ugali na sukuma, Ooko akiwasimulia watoto habari ya fundi aliyejijengea ukuta akajifungia ndani. Wote walikuwa wakicheka. Mlango ukabishwa, mara mbili, taratibu, na sauti ikasema hodi.

Ooko alifuta mikono. Nakhumicha alidhani ni Gathogo amekuja na habari za maji, akajiweka leso sawa. Oduor ndiye aliyekimbia kufungua. Nje alisimama Adero, ameshika bakuli la plastiki lenye nyama ya kuku iliyofunikwa na sahani.

"Kumbe ni wewe?" Oduor akamwambia. "Mbona unabisha?"

Adero hakumjibu. Alisema Madam ametuma chakula kilichobaki, kuku alikuwa mwingi, na kwamba bakuli lirudishwe kesho. Alisema kwa adabu, akimtazama baba yake kisha mama yake. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Chumba chote kilikuwa mbele yake, kitanda alicholalia na kigoda alichokalia, na wadogo zake wakisogeleana kumpa nafasi. Alibaki palepale nje ya kizingiti na bakuli lake, akingoja.

Nakhumicha alisimama. Alitaka kumwambia ingia wewe, usimame nje kama nani, kuna mtu anabisha kwao? Alitaka kumkaripia jinsi mama anavyomkaripia mtoto wake. Lakini maneno yaliyomtoka yalikuwa yale ambayo mtu humwambia aliye mlangoni.

"Karibu," akasema. "Karibu ndani."

"Asante," Adero akasema, akavua kandambili zake, akazipanga vizuri kando ya mlango, ndipo akaingia.